Siku ya kupanda mlima na wanaojifunza Kiswahili: Pugu, Morogoro au Lushoto?

StoriJumamosi (mtoa mada)
Wakuu habari za humu. Tuna grupu letu hapa Dar, tunakutana Jumamosi jioni kupiga stori tu, wageni wanaojifunza Kiswahili na sisi wenyeji tunaotafuta Kifaransa na Kijerumani. Sasa watu wamechoka kukaa kwenye viti, wanataka Saba Saba tutoke tukapande mlima siku nzima, na tarehe hiyo ndo Siku ya Kiswahili Duniani, UNESCO waliipitisha 2021, kwahiyo imekaa vizuri. Mezani kuna Pugu, Morogoro kule Morningside, na Lushoto. Wiki ijayo naanza kuchangisha hela. Wapi ni bora?

BabaRaba
Bora kwa nani mkuu? Mko wangapi? Kichwa kimoja kinatoa shingapi? Kuna watoto, kuna wazee? Na hao wageni Kiswahili chao ni cha kuomba maji au cha kubishana? Hujaweka hata kimoja, tukikujibu sasa hivi tunakudanganya.

BintiMgeta
Morogoro, sihitaji hata kusikia mengine 😊 Mnapanda treni ya SGR asubuhi, hata saa mbili haziishi mko Moro, nauli ya kawaida ilipoanza 2024 ilikuwa elfu 13 kwenda, angalia kama imebadilika. Mkishafika mlima uko mbele yenu. Njia ya Morningside mtapishana na akina mama wanashuka na ndizi na mboga kichwani wanapeleka sokoni mjini, hao ndo walimu wenyewe wa Kiswahili, hawana haraka na salamu. Alafu waambieni wageni kwamba Mto Ruvu unaonywesha Dar unapata maji yake kwenye milima hiyohiyo ya Uluguru. Mtu anakunywa maji ya bomba miaka mitatu hajui yametoka kwenye mlima gani, siku hiyo atajua.

mzee_wa_kisarawe
Moro yote hiyo ya nini wakati Pugu ipo. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi mnaenda kwa daladala, mnarudi jua halijazama. Kuna mapango ya ule mgodi wa zamani wa kaolini, popo wamejaa. Na shule ya Pugu aliyofundisha Mwalimu Nyerere iko hukohuko, hayo peke yake ni maongezi ya kutwa nzima.

StoriJumamosi
Samahani wakuu niliandika nikiwa kwenye foleni. Tuko 22 mpaka 25. Mchango tumefikiria elfu 50 kichwa ikizidi hapo wanafunzi wa chuo wataachwa na sitaki. Wageni kama 12, Wafaransa, Wajerumani, Mjapani mmoja, na familia ya Wakongo ambao Kiswahili wanacho ila cha kwao. Watano wameanza mwezi uliopita tu, wengine wanaongea vizuri. Watoto hamna. Kuna mzee mmoja Mjerumani yuko sitini na kitu, goti linamsumbua lakini ndo anayependa kujifunza kuliko wote, anakuja na kidaftari kila Jumamosi.

KakaWaUsambaa
Elfu 50 Lushoto haiwezekani labda mlale njiani 😄 ila mimi nasema badilisheni iwe siku mbili. Kutoka Dar ni safari ya mchana kutwa, mnaiacha lami kubwa pale Mombo mnapanda kona za Soni, ukifika umechoka kwahiyo lazima mlale. Lakini asubuhi yake! Irente unasimama ukingoni unaona nyika yote chini. Njia ya kwenda Irente haina mwinuko mkali na mnapita katikati ya nyumba za watu, kila hatua tano unasalimiwa. Wajifunze na Kisambaa kidogo, "onga makeo" asubuhi, wazee watafurahi mpaka basi. Julai kuna baridi kweli, mje na masweta.

BabaRaba
Sasa tunaweza kuongea. Ngoja niwaambie kilichotukuta mwaka juzi mjue kwanini nauliza sana. Tulikuwa 38, nusu wageni nusu wenyeji, lengo hilohilo la lugha. Mimi nilikuwa kwenye kamati so sehemu ya lawama ni yangu. Tulichagua mlima mkali kwasababu mtu alionyesha picha za kileleni tukapagawa. Dakika ishirini za kwanza kelele tupu, kila mtu anaongea. Baada ya hapo nikasikia pumzi tu. Mtu anayehema utamfundisha ngeli saa ngapi? Wenye miguu wakatangulia, wa katikati wakapotea na muziki wao wa simu, na nyuma kabisa wakabaki wageni saba wa nchi moja wanaongea lugha yao mwanzo mwisho. Tumetoka nyumbani kufanya nini sasa.

Tukaingia kijijini (sitakitaja, hawana kosa). Kuna mama alikuwa amekaa mlangoni anapepeta maharage, mtoto mgongoni. Mwenzetu akanyoosha simu akapiga picha, hajasalimia, hajaomba. Yule mama hakusema neno. Aliweka ungo chini taratibu, akavuta kanga akamfunika mtoto uso. Mpaka leo naiona ile kanga. Dakika kumi haijapita kijana akaja kuuliza kiongozi wenu nani, mmepita kwa mwenyekiti? Hatukupita. Tukakalishwa nje ya ofisi ya kijiji saa nzima na nusu, mwenyekiti mwenyewe mstaarabu sana, alisema wageni tunawapenda lakini kila nyumba ina mlango. Na hapo ndo dada mmoja mwanafunzi, miezi miwili tu ya Kiswahili, akasimama akamwambia yule mama "Shikamoo mama, naomba radhi, hatukupiga hodi." Mama akaitikia "Marahaba mwanangu, yameisha," na muda si mrefu tukaletewa ndizi za kuchemsha. Siku nzima Kiswahili cha maana kilikuwa hicho. Tulishuka usiku kwa tochi za simu, mmoja kateguka mguu tukapokezana kumbeba.

Kwahiyo mtoa mada, tafuta njia ambayo mtu anaweza kutembea na kuongea, kilele ni mambo ya baadae. Wapange wawiliwawili mgeni na mwenyeji, kila nusu saa mnabadilishana, nusu ya kwenda Kiswahili nusu ya kurudi lugha ya mgeni. Na mtu wenu atangulie wiki moja kabla akapige hodi kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa.

BintiMgeta
Pole sana aisee. Ila hiyo ya kuhema mbona Morningside mnaweza kuishia njiani, bodaboda zinapanda kipande kile cha mwanzo, mzee wa goti anapakiwa wengine mnatembea. Si lazima mfike kule juu kwenye lile jengo la zamani la Wajerumani. Ingawa kwa mzee Mjerumani lile jengo lina maongezi yake, na mimi ningependa ayasikie kutoka kwa mzee wa Kiluguru anayekaa palepale.

mwalimu_sanifu
Naomba kuchangia kwenye lugha yenyewe maana nimefundisha wageni miaka mingi. Msiwaache wakajifunze "mambo, poa, freshi" mlimani. Waanze na shikamoo, hujambo, za asubuhi. Mgeni akimwambia mzee wa miaka sabini "mambo" siku yenu imeharibika hata kabla hamjapanda.

dada_wa_Ilala
Mwalimu na heshima zote, mgeni asiyejua "mambo" atakaa na wenzake chuoni peke yake. Wafundisheni vyote na nani aambiwe kipi. Mimi mpenzi wangu Mfaransa alikuwa anamwambia shikamoo hadi konda wa miaka kumi na nane, konda anaona aibu.

mwalimu_sanifu
Shikamoo ikizidi haiui mtu. Ikipungua ndo kesi.

PapaLushi
Mimi ni Mkongo wa Lubumbashi niko hapa Dar mwaka wa nne. Naomba hiyo familia msiwaweke upande wa wanaojifunza. Kiswahili ni lugha yao ya nyumbani. Kwetu tunasema bantu, bintu, nilipofika watu wakawa wananisahihisha kila sentensi mpaka nikawa naogopa kuongea sokoni. Wapeni nusu saa na wao wafundishe chao, Watanzania mtashangaa mnaelewa kiasi gani.

StoriJumamosi
PapaLushi asante, hili sikuliwaza kabisa na kweli nimewaandika kwenye orodha ya wanafunzi. Nabadilisha leo.

mkenya_wa_ngong
Majirani, sisi huku Nairobi tunaenda Ngong Hills, kuna zile pangaboi za umeme wa upepo juu, mnatembea kilima baada ya kilima. Tuliwahi kwenda na wanafunzi wa Kiswahili na tatizo letu ni kwamba wenyeji ndio walikuwa wanarudi kwa Kiingereza, si wageni. Hakikisheni hilo. Na nyinyi kuhaiki mnaitaje kwa Kiswahili?

mzee_wa_kisarawe
Kupanda mlima.

mkenya_wa_ngong
Na kama hakuna mlima ni msitu tu kama huko kwako Pugu?

mzee_wa_kisarawe
Matembezi. Na kwenye matembezi watu wanaongea, ndo maana nikasema Pugu toka mwanzo na hakuna aliyenijibu.

KakaWaUsambaa
Matembezi ya Irente pia watu wanaongea mzee wangu.

StoriJumamosi
Nimewasoma wote. Jana kwenye grupu kura zimegawanyika, wanafunzi wanataka Pugu kwasababu ya hela, wageni wengi wanataka Moro kwasababu ya treni, hawajawahi kuipanda. Mzee wa goti amesema popote ataenda mradi siku hiyo asiongeleshwe Kiingereza. BintiMgeta, kutoka stesheni ya SGR mpaka mlimani ni karibu?

BintiMgeta
Sio karibu, stesheni iko Kihonda, mtapanda gari kuja mjini. Ongea na daladala nzima mkodi kwa siku, ni nafuu kuliko bajaji saba. Na tiketi kateni mapema, sikukuu zinajaa. Mkirudi piteni soko la Chifu Kingalu kila mgeni anunue kitu kimoja kwa kubishania bei mwenyewe.

BabaRaba
Mmeshampata wa kutangulia kupiga hodi?

dada_wa_Ilala
Swali la pembeni jamani, kuna Mjerumani mmoja kwenye hilo grupu anavaa namba 47, amekuja na ndala tu. Raba ya mlimani saizi hiyo inapatikana Karume kweli?

BabaRaba
Karume wahi asubuhi marobota yakifunguliwa, saa nne hazipo tena. Kagua soli, ipinde kwa mkono, ikitoa unga kama chaki iache.