Hatukufungiwa ndani mwaka 2020, mbona ulaji wetu ulibadilika?

MamaWaPasua (Moshi) anauliza:

Habari zenu wanajamvi, mimi ni mama mwenye duka hapa Moshi. Shemeji yangu anayeishi Nairobi anashikilia kwamba Watanzania hatuna la kusema kuhusu mabadiliko ya ulaji wakati wa Korona, kwa sababu sisi hatukufungiwa. Ni kweli kwamba serikali yetu haikutangaza karantini ya nchi nzima. Soko la Mbuyuni liliendelea kufunguliwa kila asubuhi na daladala zilitembea, ilhali Kenya ilikuwa na amri ya kutotoka nje usiku tangu tarehe 27 Machi 2020, na mwezi wa Aprili Nairobi ikazuiwa watu wasiingie wala kutoka.

Hata hivyo, nyumba yangu ya mwezi wa Mei mwaka ule haikufanana hata kidogo na ile ya Februari. Shule zilipofungwa tarehe 17 Machi, watoto waliokuwa wakila makande ya shuleni mchana walirudi kula kwangu, na unga uliozoea kunifikisha mwisho wa mwezi ukawa unakata mapema. Mume wangu aliacha kula kwa mama lishe wa stendi, akawa anabeba hotpoti. Chakula cha usiku kilisogea kutoka saa mbili hadi saa nne, kwa kuwa hakuna aliyelazimika kuamka alfajiri, na baada ya hapo bado mtu alikuwa akirudi jikoni kutafuta kiporo.

Swali langu ni hili: kilichobadilisha sahani zetu kilikuwa nini hasa, hofu ya ugonjwa, upungufu wa fedha, au watoto kukaa nyumbani? Na kwenu ni lipi lililobaki hata baada ya maisha kurudi kama zamani?

DerevaWaMbuga (Sakina, Arusha):

Dada yangu, kwa upande wetu wa Arusha naweza kukujibu bila kuzunguka: fedha. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, naye alikuwa hapa hapa Arusha, msafiri aliyetokea Ubelgiji na kushukia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Kuanzia wiki hiyo, safari zilizokuwa zimeshalipiwa zilianza kuahirishwa moja baada ya nyingine, na ndege za kimataifa zilipositishwa mwezi wa Aprili hadi tarehe 18 Mei, sisi tunaolipwa kwa safari tulibaki na funguo za magari ya watu na mifuko mitupu. Nchi ilipokea watalii wapatao milioni 1.5 mwaka 2019, na mwaka uliofuata wakashuka hadi kama laki 6.2. Nyuma ya upungufu huo kuna mpagazi, mpishi wa mlimani, fundi wa magari, mfua mashuka wa hoteli na muuza mayai aliyekuwa akimpelekea mpishi wa hoteli, na kila mmoja wao ana chungu chake nyumbani.

Mabadiliko yenyewe yalikuja kwa hatua. Nyama ya kilo ilikuwa ya kwanza kutoka, ikawa robo ya kuonja siku ya Jumapili, kisha ikawa dagaa. Mafuta ya kula tuliacha kununua kwa dumu, tukarudi kwenye mafuta ya kupimiwa. Maziwa yakaondoka, ikabaki chai ya rangi, na sukari ilipoadimika mwezi wa Aprili na Mei, Ramadhani nayo ikiwa imeingia, hata hiyo chai ya rangi ikawa ya kuhesabu vijiko. Serikali iliweka bei elekezi, lakini ninyi wenye maduka mnajua zaidi yaliyotokea.

Jambo lililonishangaza ni sokoni Tengeru. Mboga zilizokuwa zikilimwa kwa ajili ya hoteli na kambi za watalii, yaani brokoli, koliflawa, letusi na zukini, zilikosa mnunuzi, zikawa zinamwagwa chini na kuuzwa kwa fungu kama mchicha. Mke wangu alinunua brokoli kwa sababu lilikuwa rahisi kuliko kabichi, akalikatakata kama kabichi, akalikaanga na nyanya na vitunguu hadi likalainika kabisa, tukalila na ugali wa dona na kulisifia. Tangu watalii waliporudi sijaliona tena mezani kwangu, maana nalo limerudi hotelini.

BintiWaUru:

Kaka Dereva amesema vizuri, lakini naomba niongeze upande wa waliofungiwa kweli, kwa sababu mwaka ule nilikuwa mwanafunzi Kampala na sikuweza kurudi Moshi.

Kule Uganda, kuanzia mwisho wa Machi 2020, magari ya abiria na hata magari ya watu binafsi yalizuiwa, na kutotoka nje kukaanza saa moja jioni. Bodaboda ziliruhusiwa kubeba mizigo tu, tena hadi saa nane mchana. Wauzaji wa vyakula masokoni waliagizwa walale huko huko sokoni ili wasipeleke maambukizi majumbani. Kwa familia za mjini zilizokosa kipato, serikali iligawa unga wa mahindi kilo 6 na maharage kilo 3 kwa kila mtu, na mitaani kwetu watu walikula posho, yaani ugali, na maharage mpaka wakayachoka.

Mimi nilikuwa na fedha kidogo iliyotumwa na nyumbani, kwa hiyo njaa haikuwa tatizo langu. Tatizo lilikuwa saa. Chumba kimoja, kitanda, jiko la gesi na simu, basi. Muuza chapati na mayai wa kona, ambaye kwa kawaida hukaa hadi usiku wa manane, ilimbidi afunge mapema, kwa hiyo nilikuwa nikinunua chapati za ziada mchana ziwe akiba ya usiku, na akiba yenyewe iliisha kabla jua halijazama. Nilikula kwa sababu chakula kilikuwa karibu na hakukuwa na jambo lingine la kufanya. Shemeji yako ana haki katika hilo, Mama: anayefungiwa hula kwa upweke na uchovu wa kukaa, na hali hiyo ninyi mliokuwa mnakwenda Mbuyuni kila asubuhi hamkuijua. Lakini akisema kwamba kwenu hakuna kilichobadilika, hapo amevuka mpaka.

BabuWaKibosho:

Wanangu, nimewasoma wote. Kwetu huku juu mlimani Kibosho mambo yalikwenda kinyume na anavyoeleza Dereva, kwa sababu kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, hakisubiri watalii. Wajukuu waliletwa kutoka Dar es Salaam shule zilipofungwa, masika yakiwa yameanza, wakakuta ndizi, magimbi, parachichi, maziwa na mboga za kutosha. Wiki ya kwanza walikataa mnafu, mboga yetu ya majani, kwa sababu ya uchungu wake na wakawa wanaulizia chipsi. Bibi yao hakubishana nao. Aliwapikia mtori asubuhi na kiburu, yaani ndizi zilizopondwa na maharage, mchana, na jioni akaweka mnafu uliopikwa kwa maziwa bila kusema neno. Kufika Mei walikuwa wakitumwa kuuchuma wenyewe.

Lililotutikisa wazee ni mbege, pombe yetu ya ndizi. Desturi ni kata moja ya kunywea inayozunguka, na anayekupokeza kata ameonyesha kwamba hana kinyongo nawe. Korona ilipovuma, mama muuzaji alituambia kila mtu aje na kikombe chake. Wengine walikuja na vikombe vya plastiki vya watoto, wengine waliona ni matusi wakaacha kuja kabisa, na mmoja wetu alinywea nyumbani peke yake mwaka mzima, jambo ambalo zamani lingemfanya aitwe mchawi. Kata imesharudi sasa, ila wapo waliobaki na vikombe vyao, na hakuna anayewasema.

AfisaLisheKaskazini:

Shikamoo Babu, na salamu kwa wengine. Kwa kuwa Mama ameuliza kuhusu hofu, na hakuna aliyeigusa, nitaizungumzia hiyo.

Hofu iliingia jikoni kwa njia ya tangawizi, malimau, vitunguu saumu na nyungu. Bei za vitu hivyo zilipanda kwa sababu kila nyumba ilivitaka kwa wakati mmoja. Shirika la Afya Duniani lilieleza wazi kwamba hakuna chakula kinachozuia wala kutibu Korona. Limau lina vitamini C na mwili unaihitaji, lakini mtu mwenye vidonda vya tumbo aliyekuwa akinywa tangawizi kali na limau kila asubuhi kabla ya kula alikuwa akijiumiza, na nyungu ya maji yanayotokota chini ya blanketi pamoja na mtoto ni hatari ya kuungua. Hayo nayasema kwa sababu bado wapo wanaoendelea nayo kila mafua yanapoingia.

Kuhusu kilichobaki, naona zaidi kudokoadokoa na kula usiku sana. Fedha ikirudi, nyama hurudi, lakini saa ya kula ikishahama, mara nyingi haijirudishi yenyewe. Sambamba na hilo, kutembea kulipungua: mtoto aliyekuwa akienda shule kwa miguu alikaa mbele ya runinga, na mtu mzima aliyezoea kupandisha kutoka stendi hadi nyumbani akazoea bodaboda ili kukwepa msongamano wa daladala. Mtu mzima anashauriwa apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunahesabiwa.

Jambo moja jema ni la mume wako. Hotpoti ya nyumbani inakupa mamlaka juu ya mafuta na chumvi, na chumvi haipaswi kuzidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote kwa jumla. Ikiwa bado anaibeba, msimwachishe.

MamaWaPasua:

Asanteni sana, na shikamoo Babu. Hotpoti bado anaibeba, tena siku hizi analalamika nikichelewa kuifunga. Kilichonishinda ni hiyo saa nne ya usiku. Kitinda mimba wangu alikuwa mdogo wakati ule na hajui utaratibu mwingine. Usiku lazima atafute andazi na chai. Nianzie wapi?

AfisaLisheKaskazini:

Anzia jioni, Mama, wala usianze kwa kumnyima. Mtoto anayetoka shule saa kumi na kukaa bila kitu hadi saa nne lazima adokoe. Mpe ndizi mbivu, parachichi au uji akifika, kisha usogeze chakula cha usiku kwa nusu saa kila wiki hadi kirudi saa mbili au kabla yake. Maandazi yapike asubuhi kwa idadi ya watakaokula asubuhi, yasibaki. Na dukani kwako, kama biskuti na soda zipo usawa wa macho yake, zihamishie rafu ya juu.

BabuWaKibosho:

Ikishindikana, mlete huku likizo ya Juni. Kwetu saa mbili jiko limeshazimwa.