Tupeane uzoefu: una karatasi ya Kifaransa na upo Lindi au Mtwara, mfasiri wa bei nafuu ulimpata wapi?

Binti wa Mikumbi

Shikamooni wakubwa, wengine habari za mchana. Naanza mimi ili msione haya.

Baba yetu alikuwa baharia, Mngazija. Alioa hapa Lindi, akatuzaa watatu, uzeeni akarudi kwao Komoro na kufia Moroni. Huku kaacha nyumba na kipande cha shamba la minazi. Tulipoenda kufungua mirathi, karani alipokea makaratasi vizuri tu hadi alipofika kwenye cheti cha kifo, Kifaransa kitupu na mistari michache ya Kiarabu. Akanirudishia. "Mama, hiki katafute kitafsiriwe." Wapi? "Dar."

Kijana mmoja wa steshenari akaniambia laki na nusu. Karatasi moja! Nilipombana akakiri kwamba yeye hajui Kifaransa hata cha salamu, anampelekea mtu wake, na huyo naye ana mtu wake. Kumbe nalipia msafara. Nikaondoka.

Mpwa wangu akasema simu inatafsiri. Tukapiga picha, ikaja: "mtoto wa moto Mohamed". Mdogo wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, huyo Mohamed ni babu yangu.

Aliyenitoa gizani ni mama mmoja wa Kingazija, jirani wa shangazi, aliyesoma shule kwao. Alinisomea neno kwa neno pale barazani. Hiyo "feu" iliyoitwa moto, kwenye cheti maana yake ni marehemu. Hakutaka hela, nilimpelekea mkate wa kumimina. Ila mahakamani hawapokei maneno ya barazani, wanataka karatasi yenye muhuri. Mwisho nikamtumia binamu yangu aliyeko Dar, akaipeleka BAKITA, lile Baraza la Kiswahili la Taifa, maana wao hutafsiri na pia huthibitisha tafsiri. Pamoja na kutuma bahasha kwa basi, sikufika hata nusu ya ile laki na nusu.

Haya, na ninyi?

Korosho Ghafi

Dada pole na msiba. Yangu si ya mirathi, ni ya mashine.

Kikundi chetu Tandahimba tulinunua mashine ya kubangulia korosho, mkononi, kwa mfanyabiashara aliyeitoa Ivory Coast. Wale ndio wanaoongoza duniani kwa kuvuna korosho, kwa hiyo tukajua kifaa kitakuwa cha watu wanaojua kazi. Kitabu chake kurasa arobaini, chote Kifaransa. Tukampata binti aliyesoma Kifaransa sekondari, akaomba elfu tano kwa ukurasa. Tukapiga hesabu, tukamwambia atutafsirie kurasa kumi tu, za kuwasha, kusafisha na matunzo. Hapo tuliona tumekuwa wajanja.

Ukurasa wa matunzo ulikuwa na neno "vidange". Binti akaandika "mwaga mafuta kila baada ya saa 50". Tukamwaga. Hakuna aliyetuambia kwamba kwa mafundi neno hilo lina kumwaga ya zamani na kujaza mapya. Siku ya tatu giaboksi ikanuka, ya nne ikakwama, msimu ukatupita tunabangua kwa mkono na utomvu unatuchoma vidole kama zamani.

Simlaumu binti, Kifaransa chake ni cha shairi na insha. Aliyetuokoa ni Mkongo mmoja, fundi wa gereji Masasi. Hakuandika hata mstari. Alisimama mbele ya mashine na kile kitabu, akawa anataja kifaa, sisi tunaandika wenyewe: "courroie" ni mkanda, "amande" ni ile korosho ya ndani, "coque" ganda. Tulimlipa siku yake ya kazi na chakula. Tangu hapo nasema, karatasi ya fundi mpelekee fundi, hata kama sarufi yake imevunjika.

Mwenzenu wa Mangaka

Huku Nanyumbu ukisema unatafuta mtu wa lugha ya kigeni unaletewa Mreno. Sina maana Mreno mwenyewe, namaanisha vijana wetu waliovuka Daraja la Umoja kwenda Msumbiji kutafuta maisha. Mmoja akachukua elfu ishirini yangu, akaisoma karatasi yangu ya Kifaransa kwa kujiamini kabisa: hapa jina, hapa baba, hapa mwezi. Nusu alipatia kwa sababu Kireno na Kifaransa ni ndugu. Nusu nyingine alitunga. Hela sikuidai, nilimcheka tu, yeye mwenyewe naye akacheka.

Kuchele

@Mwenzenu wa Mangaka umenikumbusha mbali 😂 Mtwara mjini ni hivyo hivyo, mtu akikuambia "namjua anayejua Kifaransa" muulize kwanza alikijulia wapi.

Mimi nimeoa Mrundi. Ofisi moja ilitaka cheti cha ndoa cha Bujumbura kitafsiriwe, nami kwa kiherehere nikatuma cheti HALISI Dar kwa basi. Ilikuwa Mei 2024. Kimbunga Hidaya kikaja na mvua zake, barabara ikakatika kule Somanga, na cheti changu kimo humo kwenye bahasha ya kaki, sijui kiko upande upi wa maji. Usiku mke wangu hasemi kitu, ananiangalia tu. Kilifika salama baada ya siku kadhaa, kona moja imelowa.

Mfasiri alipokipokea akaniuliza, "Kaka, kwa nini hukunitumia picha?" Kumbe kazi yote angeifanya kwa kusoma nakala iliyoskaniwa vizuri. Cheti halisi kinahitajika pale tu anayegonga muhuri akitaka kulinganisha. Basi wenzangu, skani kwanza, kurasa zote na mgongo wa karatasi, mihuri hukaa mgongoni.

Mwalimu Mstaafu

Hamjambo wanangu. Nimefundisha Kifaransa miaka mingi, sasa nipo Shangani nalima mchicha, na bado karatasi zinanifuata hadi bustanini. Niwaambie kwa nini bei zinatofautiana.

Cheti cha kuzaliwa, ndoa au kifo ni kazi nyepesi, maneno yake ni yale yale tangu niko kijana. Atakayekutoza kwa neno au kwa saa kwenye cheti anakuonea, mwombe bei ya karatasi nzima. Hukumu ya mahakama, ripoti ya daktari au mkataba ni kazi nyingine, hapo usinung'unike ukiambiwa bei ya juu. Na usianze na mfasiri. Anza na ofisi inayoitaka hiyo karatasi, waulize mambo mawili: wanaitaka kwa lugha gani, na muhuri wa nani wanaukubali. Watu wengi wanatafsiri kwenda Kiingereza kwa mazoea tu. Tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021 lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili, kwa hiyo kwa mirathi kama ya binti wa Mikumbi, Kiingereza kingekuwa hela ya bure. Kuna ofisi zitakazoridhika na mfasiri aliyekula kiapo mbele ya wakili. Nyingine zinataka BAKITA peke yake. Ukijua hilo mapema hutalipa mara mbili.

Halafu tarakimu. Moja ya mwandiko wa Kifaransa ina mkia mrefu wa mbele, ukiitazama harakaharaka ni saba. Saba yao wanaikata kiunoni. Nimeona watu wakizeeshwa na wengine wakifanywa watoto kwa sababu hiyo. Bahati nzuri vyeti vyao mara nyingi huandika tarehe kwa maneno pia, soma maneno. Na vyeti vya Kongo na Burundi vina "septante" na "nonante" kwa sabini na tisini, alivyowaachia Mbelgiji. Kijana aliyejifunza Kifaransa cha Paris anaweza kukwama hapo akadhani ni kosa la karani.

Korosho Ghafi

Mwalimu shikamoo. Ungekuwa Tandahimba tungekuwa na giaboksi.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Hata mimi "vidange" ningeandika kumwaga, usinipambe.

Kuchele

Mwalimu, na majina? Mke wangu kwao kaandikwa kwa herufi zao, hapa wamemwandika kivingine.

Mwalimu Mstaafu

Mfasiri hana ruhusa ya kurekebisha jina. Anaandika kama lilivyo. Tofauti unaimaliza wewe kwa hati ya kiapo kwamba majina hayo mawili ni mtu mmoja. Ukimwomba mfasiri "alinyooshe kidogo" unamtia matatani na wewe unajitia.

Binti wa Mikumbi

Mwalimu, marehemu baba kwenye cheti ni Saïd mwenye nukta mbili juu, kwenye hati ya nyumba ni Saidi. Kiapo nimeshaandikisha kwa wakili.

Ila hiyo ya moja na saba imenitoa kitandani. Nimeamka kuangalia. Fomu ya mirathi aliijaza mpwa wangu kwa kutazama tarakimu za cheti, akaandika baba amefariki tarehe 17 Machi 2022. Sisi simu ilitufikia kwa kuchelewa, hatukushika tarehe, tulishika kwamba ilikuwa Ijumaa. Tafsiri iliyotoka Dar inasema 11. Na mimi nilikuwa nimeshaanza kusema wamekosea!

Nimempigia mama wa Kingazija sasa hivi, saa tatu hii ya usiku, nikamsomea kwa herufi: o, n, z, e. Kasema kumi na moja. Nimefungua kalenda ya simu, 11 Machi 2022 ilikuwa Ijumaa.

Fomu bado ipo kwangu, tulikuwa tuipeleke kesho. Naandika nyingine.