Mngurumo ekseli ya mbele, pikapu 4x4: beringi, shafti au difu nzima?

Kwanga4x4:
Wakuu habari zenu. Nina pikapu 4x4 ile ya kuchagua, muda mwingi natembelea 2H (tairi za nyuma tu ndo zinavuta). Sasa imeanza mngurumo mbele, nausikia gari ikifika kama 55 hivi na unakolea mpaka 70, ukipita hapo unamezwa na upepo ila bado upo, na miguuni kuna mtetemo kwa mbali. Nikikata kona kali hakuna ile tak tak tak ya jointi za shafti zilizokwisha. Nimezunguka kwa mafundi kila mmoja na lake, mmoja anasema nibadilishe beringi za habu (pale tairi linapofungwa) zote mbili, mwingine shafti (zile zinazotoka difu kwenda tairi) zote mbili mpya, wa mwisho anasema nisisumbuke nitafute difu ya mbele (boksi la gia linalogawa nguvu kwa tairi mbili) iliyotumika nifunge nzima nzima. Nyie mngeanzia wapi?

MzeeWaGrisi:
Mkuu usinunue kitu bado. Tafuta barabara tupu, nenda 60, yumbisha usukani taratibu kushoto kulia. Ukienda kushoto uzito mwingi unaegemea tairi la kulia, kelele ikizidi hapo mshukiwa ni beringi ya kulia, na kinyume chake. Halafu piga jeki, weka stendi, shika koili ya springi kwa mkono mmoja na mwingine uzungushe tairi, beringi iliyokwisha utaisikia inakwaruza kwenye vidole kabla hata sikio halijasikia. Shika na tairi juu na chini utikise. Ila usidanganyike hapo, beringi inaweza kunguruma vizuri tu huku haijalegea hata kidogo, hizi za kisasa zilizofungwa ndo kabisa.

TairiPana:
Kabla ya yote hayo toa tairi za mbele peleka nyuma. Tairi lililokula kwa ngazi ngazi linaunguruma sawasawa na beringi na watu wanabadilisha habu bure. Pitisha kiganja juu ya kashata za tairi, ukienda upande mmoja laini ukirudi inakwangua, basi ni hilo. Kelele ikihamia nyuma kesi imeisha. Hii haina gharama, ni jasho tu

BintiDifu:
Swali ambalo hakuna aliyeuliza: ukiweka 4H (tairi zote nne zinavuta) kelele inafanyaje? Iko palepale, inazidi, au inapotea?

Kaka hilo ndo litakuchagulia kati ya hizo tatu. Ikibaki vilevile, rudi kwenye beringi za habu na tairi, maana hizo zinazunguka hivyohivyo uwe 2H au 4H. Ikizidi ukikanyaga mafuta, hapo angalia propela ya mbele (inayoleta nguvu kwenye difu), beringi za pinioni (gia ya kuingilia difu) au CV ya ndani (jointi ya shafti upande wa difu), vitu vinavyobeba nguvu. Na ikipotea kabisa ukiweka 4H basi kuna kitu kinaelea wakati hakina mzigo, na kwenye gari ambazo mbele inaachiwa ndani ya difu, siyo kwenye habu, kitu hicho mara nyingi ni beringi ya sindano, ile ndogo inayoshika shafti pale inapoingilia difu. Ukiwa 2H tairi bado linaizungusha shafti, ila haina nguvu ya kuikaza katikati, kwa hiyo kama sindano zimelika inacheza humo ndani na mtetemo unapanda mpaka kwenye bodi. Ukiweka 4H inapata mzigo, inatulia.

Kama gari yako ni ya zile habu za kufunga kwa mkono rahisi zaidi, ziachie zote mbili utembee. Shafti, difu na propela vyote vinasimama, kelele ikiendelea ni beringi ya habu au tairi, hakuna cha tatu.

Spana17:
4H kwenye lami kavu mtaua transfa (boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) dada

BintiDifu:
Ndo maana afanyie barabara ya vumbi, iliyonyooka, dakika chache anarudisha. Sijamwambia akate kona nayo kwenye lami.

Lori_Dogo:
Naongezea, kuna gari habu zinashikwa na vakyumu. Ford F-150 za kuanzia 2004 ziko hivyo, vakyumu ndo inayozuia habu zisijifunge, sasa mpira ukipasuka au solenoidi ikizingua habu inajifunga nusu nusu na unasikia krrrrr ukiwa 2H, mtu anakimbilia difu kumbe ni kipira cha vakyumu. Sauti yake lakini siyo mngurumo, ni meno yanasagana.

Kwanga4x4:
Asanteni sana. Yangu haina habu za mkono, mbele inaachiwa kwa mota pale kwenye difu. Nimehamisha tairi, hakuna kilichobadilika. Nimeyumbisha, hakuna. Nimeenda vumbi nikaweka 4H kwenye 60, kelele imekata kama imezimwa swichi, nikarudisha 2H imerudi. Nimempigia yule fundi wa difu nzima anasema si nilikwambia. Sasa nikubaliane naye au?

MzeeWaGrisi:
Hapo beringi za habu nazitoa mimi mwenyewe kwenye orodha. Na shafti pia, shafti mpya ukiichomeka kwenye beringi ileile iliyokwisha itaelea vilevile. Tena hizi shafti mpya za bei chee baadhi zinakuja na mtetemo wake toka kiwandani, kama zako za asili CV hazigongi na buti (mipira inayofunika CV) hazijapasuka usiziguse. Hata buti ikipasuka, ukiwahi kabla mchanga haujaingia unasafisha, unaweka grisi mpya na buti mpya maisha yanaendelea.

BintiDifu:
Usikubaliane naye bado, angalia oili ya difu kwanza. Fungua nati ya kujazia KABLA ya ile ya kumwagia, maana ukishamwaga halafu ya juu ikagoma kufunguka utaitia gari oili kwa njia gani. Angalia sumaku ya nati ya chini. Tope laini la kijivu ni kawaida. Ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, hapo ni meno au beringi kubwa za ndani, difu ifunguliwe au ibadilishwe, sibishi. Oili ikiwa nyeupenyeupe maji yameingia, kagua kipumulio kama kimeziba.

Oili ikiwa safi, kubadilisha difu nzima kwa ajili ya beringi moja mimi naona ni kujitafutia kesi mpya. Hiyo iliyotumika ina beringi ya sindano ileile na hujui imekula kiasi gani. Halafu kuna suala la uwiano wa meno ya gia, gari zinazofanana kwa nje moja inaweza kuwa na difu ya 3.73 na nyingine 4.10, ukifunga ya mbele isiyolingana na ya nyuma ukiweka 4H zinavutana mpaka kitu kivunjike. Soma namba za kibati cha gari na cha difu, usisikilize "inaingia hiyo".

Kinachobaki ni kuchagua kati ya beringi ya sindano mpya na bushi ya shaba (kibomba kisicho na sindano) inayokaa mahali pake. Beringi ni ileile ya kiwandani, inaingia bila maswali, ila ukubwa na uhuru wake ni uleule uliokuletea shida. Bushi inaishika shafti kwa eneo refu zaidi, wenye Toyota Tacoma na 4Runner wengi wameiweka kwa tatizo hilihili. Mimi ningeweka bushi.

Spana17:
Mimi ningerudisha sindano. Bushi inataka ipigwe ikae sawa, fundi akiipeleka mshazari umeharibu nyumba yake. Na shafti ipitishe ukucha pale inapokaa beringi na sili (mpira wa kuzuia oili), ukikuta mfereji hata ukiweka dhahabu itakula tena na oili itavuja.

BintiDifu:
Kwenye ukucha nakubali kabisa. Na mshazari pia, ndo maana kuna kifaa chake cha kuingizia, asipigilie na nyundo.

Kwanga4x4:
Oili nimeangalia, tope la kijivu tu, hakuna vipande. Naenda na bushi na sili mpya. Nikishachomoa shafti kuna cha kuchunga?

MzeeWaGrisi:
Usiivute kwa kushika CV ya nje, ya ndani itaachana na utakusanya vipande vyake chini. Ibandue pale kwenye difu. Wakati wa kurudisha iingize kwa usawa usije ukachana sili mpya kwa meno ya shafti. Na gari isishushwe chini wala kusukumwa kabla nati ya katikati ya habu haijakazwa kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu chake, beringi za habu zilizofungwa zinategemea ile nati kushikana, ukizipa uzito wa gari bila hiyo unazimaliza, utarudi humu na mngurumo mwingine

TairiPana:
Na usisahau kujaza oili tena 😂