Mwenzako yuko misheni, dharura imekukuta nyumbani: tupeane uzoefu

Mke wa Koplo

Habari za jioni wapendwa. Uzi huu ni wa sisi tuliobaki nyumbani: wake, waume, wazazi na watoto wa askari waliopelekwa misheni. Habari za upweke na kusubiri tumeshaongea sana, leo nataka ya vitendo. Moto, mafuriko, mtoto kuzidiwa usiku wa manane, umeme kukatika siku nzima nzima, wewe mwenyewe kuanguka. Ulikuwa umeandaa nini, na kipi kilifaa kweli siku yenyewe?

Sharti moja kabla hatujaanza. Usitaje kikosi, nchi aliko, tarehe aliyoondoka wala atakayorudi. Hata "kabakiza wiki mbili" usiandike. Taarifa hiyo inaweza kumponza kule aliko, na huku inamtangazia mwizi kwamba nyumba ina mtu mzima mmoja tu.

Naanza mimi. Ndani ya mlango wa kabati la jikoni nimebandika karatasi. Ina jina kamili la mume wangu kama lilivyo kwenye kitambulisho cha kazi, cheo, namba yake ya jeshi, kikosi, na simu ya ofisi ya zamu inayopokelewa saa ishirini na nne. Chini yake kuna namba za watu watatu wa kuja haraka, dawa ambazo mwanangu wa pili zinamdhuru, na kundi la damu la kila mmoja wetu. Jirani anajua karatasi ilipo, na dada wa kazi anajua. Haya yote mimi nayajua kwa kichwa, kwa hiyo sikujiandikia mimi. Nimeiandikia siku ambayo aliyelala sakafuni hajitambui ni mimi. Naona wengi tunajiandaa kwa hatari za kule aliko askari, tunasahau kwamba nguzo iliyobaki hapa ni moja.

Mama Pacha

Umenena dada. Kwangu lilikuwa bomba. Lilipasuka ndani ya ukuta usiku, maji yakawa yanatambaa sakafuni kuelekea kwenye ekstensheni ya televisheni. Baba pacha kabla hajaondoka alizunguka nyumba nzima akijirekodi kwa simu: "Hii ndiyo koki kuu ya maji, zungusha kulia mpaka ikatae. Hii ni meni swichi, shusha hili kubwa kwanza, mikono iwe mikavu. Mtungi wa gesi unafungwa hapa juu." Katikati anakohoa, na sauti yangu inasikika ikimwambia chakula kinapoa. Kijana wangu mkubwa aliifungua video akanimulikia, nikafunga koki. Ilikuwa imekaza, nikazungusha kwa kitambaa.

Angalizo: kama ili kuifikia meni swichi inabidi ukanyage maji, usiende. Toa watoto nje, piga simu kwa watu wa umeme.

Warekodini waume zenu kabla hawajaenda. Na jenereta wairekodi pia, namna ya kuwasha na kuzima, na mafuta yanakokaa.

Mume wa Afande

Wanaume nasi tupo humu jamani, kwetu afande ni mke.

Binti yetu alilazwa chumba cha wagonjwa mahututi, nikataka mama yake apate habari kwa njia rasmi maana simu yake haikupatikana. Nawaandikia nilichoulizwa ili mkiandae mapema. Kwanza hayo aliyosema mleta uzi: jina, cheo, namba, kikosi. Halafu mgonjwa ni nani kwa askari, yuko hospitali gani, wodi gani, daktari wake anaitwa nani na simu ya hospitali ni ipi. Hawakuchukua neno langu wakaondoka nalo, walitaka kuthibitisha wenyewe kwa daktari. Hapo ndipo watu wengi hukwama, kwa sababu daktari hatoi siri ya mgonjwa kwa mpiga simu asiyemjua. Mimi nilikuwa nimeshamwambia daktari, na nikasaini, kwamba akipigiwa na jeshi aeleze hali ilivyo na kama anashauri mzazi awepo.

Njia zinatofautiana. Marekani kwa mfano, Msalaba Mwekundu wa huko ndio hupokea ujumbe kama huo, huuthibitisha na kuufikisha kwa kamanda. Kwingine unapita moja kwa moja kikosini. Ulizeni ya kwenu ni ipi wakati hakuna tatizo. Na mjue kwamba kufika kwa ujumbe ni kitu kimoja, ruhusa ya kurudi ni kingine, hiyo iko mikononi mwa kamanda.

Kingine: linapokuja suala la dharura, jeshi huanza kuangalia mke au mume, watoto, wazazi, ndugu wa kuzaliwa naye. Kama aliyemlea ni bibi au shangazi, aulize mapema jinsi ya kulionyesha hilo kwenye rekodi zake, asingoje bibi awe mahututi.

Sijashawishika

Mnatisha watu bure. Siku hizi kambini kuna intaneti, mimi likinikuta nampigia video tunamaliza.

Babu Mstaafu

Mwanangu, intaneti ipo mpaka siku inapofungwa. Majeshi kadhaa yana utaratibu huu: askari akifariki au akijeruhiwa vibaya, mawasiliano binafsi ya pale kambini yanazimwa mpaka familia yake ijulishwe rasmi. Ni heshima kwa familia ile, isije ikasikia msiba kwenye kundi la WhatsApp. Kwa hiyo kimya cha ghafla kinaweza kuwa na sababu hiyo, au yuko doria, au mtambo umeharibika tu. Usianze kuwapigia wake wenzako "mmesikia nini?" Uvumi huzaliwa hapo, na unaweza kumfikia mjane kabla ya mjumbe.

Habari za msiba, katika majeshi mengi, huletwa mlangoni na maofisa waliovaa sare. Na wanafuata anwani iliyo kwenye faili. Sasa niwaulize, faili la mumeo lina anwani gani? Nimeona askari ana watoto wanne na fomu yake ya ndugu wa karibu bado ina jina la mama yake na nyumba aliyokuwa akiishi siku alipoandikishwa. Mwambieni aikague kabla ya kuondoka. Na nyinyi mkihama nyumba au kubadili laini, pelekeni taarifa.

La mwisho, kwa sababu nimekaa upande wa kupokea. Ujumbe wa "nipigie haraka sana" mtu anakwenda nao lindoni usiku kucha bila kujua kilichotokea. Andika ujumbe unaojitosheleza: "Jiko lilishika moto saa mbili usiku. Wote tumetoka salama. Tuko kwa dada. Sihitaji kitu kwako sasa hivi, ukipata nafasi piga." Akisoma hayo analala.

Sijashawishika

Sawa babu, hilo la faili limenigusa. Nakwenda kuuliza.

Mama Mkwe

Mimi ni mama wa askari, na yaliyonipata ni ya mkwe wangu. Alizidiwa kazini, akapelekwa moja kwa moja kufanyiwa upasuaji. Mwanangu yuko mbali, mkwe yuko chini ya nusukaputi, na wajukuu wawili wako shule mbili tofauti. Nilipigiwa na mfanyakazi mwenzake, akaniambia mkwe alipokuwa anabebwa alitaja neno moja tu, bahasha.

Ilikuwa juu ya kabati la nguo, ya kaki, imeandikwa kwa kalamu nene MAMA FUNGUA. Ndani kulikuwa na barua iliyosainiwa na wazazi wote wawili, ikinitaja kwa jina na namba ya kitambulisho, kwamba naruhusiwa kuwachukua watoto shuleni na kukubali matibabu yao. Nakala za vyeti vya kuzaliwa. Kadi za kliniki. Karatasi ya dawa: huyu mdogo ana pumu, pampu moja iko kwenye begi la shule na nyingine droo ya pili, akikohoa usiku mpe hivi na hivi. Fedha kidogo taslimu. Na ukurasa mmoja kwa mwandiko wa haraka haraka: huyu halali taa ikizimwa, huyu ukimwambia mama anaumwa mwambie na mama yuko wapi, usimfiche, atakuuliza mpaka asubuhi.

Shule ya kwanza walinipa mtoto mara moja. Ya pili walinikatalia, jina langu halikuwemo kwenye orodha yao. Mlinzi alikuwa mkali na mimi nilimheshimu kwa hilo, angekuwa mwingine pale getini mngemtaka awe mkali vilevile. Barua ndiyo iliyotuokoa, mwalimu mkuu akaisoma, akapiga simu hospitali, akanikabidhi. Wenye watoto shuleni, pelekeni majina ya wanaoruhusiwa kuchukua watoto, na muwe na barua pia.

Yule mkwe wangu nilikuwa namwona ana mambo mengi. Sasa kila niendako namsifia.

Mke wa Koplo

Mama shikamoo, na pole. Ule ukurasa wa mwandiko wa haraka nauandika usiku huu huu.

Shemeji Fundi

Maji na umeme nipite haraka, mengi mnayajua. Maji weka lita 4 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na za matumizi madogo, angalau za siku 3, na wenye nafasi wazidishe. Yakiisha, chemsha mpaka yatokote dakika 1. Walio juu ya mita 2,000 waache dakika 3. Huna moto wa kuchemshia, tumia dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, ya nguvu ya asilimia 5 hadi 9, matone 2 kwa lita ya maji maangavu, koroga, subiri dakika 30. Friji ukiiacha imefungwa inahifadhi chakula kwa muda wa kama saa 4, friza iliyojaa kama saa 48. Dawa za kukaa kwenye baridi, kama insulini, ulizeni mapema kwa mfamasia.

Ila kwenye jenereta nitasimama kidogo, kwa sababu Mama Pacha ameitaja na wengi wanaikokota hadi varandani wakiogopa itaibiwa. Usiiwashe ndani, wala gereji, wala karibu na dirisha. Iwe mita 6 au zaidi kutoka kwenye nyumba, moshi uelekee mbali. Inatoa monoksidi ya kaboni, haina rangi, haina harufu. Kichwa kinauma, usingizi unakuja, mnalala wote na hakuna wa kuamka. Mkaa unatoa gesi hiyo hiyo, kwa hiyo jiko la mkaa nalo lisiingie chumba cha kulala eti baridi.

Binti wa Kambini

Baba alikuwa akienda misheni tangu nikiwa darasa la kwanza, kwa hiyo nawaletea ya upande wa watoto. Mama alitufundisha namba ya mama mdogo aliyekuwa mji mwingine, tukaikariri kama wimbo. Mkitawanyika, kila mmoja anamtumia mama mdogo ujumbe, yeye ndiye anayejua nani yuko wapi. Mahali penye maafa simu za sauti hukwama kwa sababu kila mtu anapiga, lakini ujumbe mfupi hupenya, hata kama ni kwa kuchelewa. Na baba akipata mtandao huko aliko anamuuliza mama mdogo huyo huyo, hahangaiki kupiga simu ya mama iliyoishiwa chaji.

Tulikuwa na sehemu mbili za kukutana pia, moja hapo nje ikiwa ni moto, nyingine mbali na mtaa kama haiwezekani kurudi. Mazoezi tulikuwa tunafanya kama mchezo, mdogo wangu akidai aanze yeye.

Wifi Mkubwa

Mmesahau matapeli. Nilipigiwa na mtu mwenye sauti ya kijeshi kabisa, anajua jina la kaka yangu na cheo, eti kaumia, inatakiwa fedha ya ndege ya wagonjwa ndani ya saa moja na nisimwambie mtu. Jeshi haliombi familia fedha ya kumsafirisha majeruhi wake. Nikamuuliza neno letu la siri la familia, akakata. Nikapiga ofisi ya zamu kwa namba iliyokuwa kwenye karatasi yangu, siyo ile aliyonipa. Kaka alikuwa mzima wa afya.

Cheo alikipata wapi? Picha za kuagana, sare inaonekana vizuri, mtandaoni kila mtu anaiona.

Mgeni Hapa

Nimesoma wote, asanteni. Mchumba wangu tumefunga ndoa juzi na anaondoka karibuni. Mambo ni mengi, muda mchache. Nianze na lipi?

Mume wa Afande

Hongera sana. Anza na yale yanayohitaji sahihi yake. Maji, tochi na redio ya betri utanunua hata akiwa ameshaenda. Kwanza fomu ya ndugu wa karibu aliyosema babu, maana kwa sasa yawezekana wewe humo haupo kabisa. Pili hati ya uwakilishi, yaani ya kukuruhusu kutenda na kusaini kwa niaba yake, mbele ya mwanasheria. Iko ya jumla na iko ya jambo mahsusi. Benki nyingine na ofisi za ardhi hukataa ya jumla, kwa hiyo waulizeni wenyewe kabla wanataka ipi, na iandikwe inaisha lini. Ikiisha akiwa bado yuko huko, kuihuisha ni kazi kweli. Hati hiyo inakufa siku aliyeitoa akifariki, kwa hiyo wosia unaandikwa peke yake.

Mgeni Hapa

Wosia naogopa hata kuutaja mbele yake.

Babu Mstaafu

Mtajie. Jeshini huko wanawahimiza waandike, hatashangaa. Nendeni pamoja, na wewe uandike wa kwako siku hiyo hiyo, hapo hataona kama unamwombea mabaya. Bebeni vitambulisho na cheti cha ndoa, vile halisi, na nakala.