Gari la bati lisiloanguka mezani

*Kikundi: Ukoo wa Bibi Mwanahamisi, Tanga*

Mwanaidi: Assalaam alaykum nyote. Shikamoo babu, shikamoo shangazi, shikamoo mjomba. Asubuhi nilipita Tangamano kutafuta vifungo vya gauni, na katika rundo la makufuli, pasi ya mkaa na vyuma vya cherehani nimeokota gari dogo la bati la kuchezea, jekundu lililofifia. Muuzaji alitaja elfu tano, nami nikaondoka nalo kwa elfu tatu. Lina tundu la ufunguo, ila ufunguo wenyewe haupo. Picha ndizo hizo.

Mjomba Kassim: Wa alaykum salaam, marahaba. Nimeikuza picha ya chini ya gari nikasoma neno Germany. Mpwa wangu, hiyo ni mali ya Mjerumani! Kuna watu wanatoboa ardhi usiku wakitafuta vitu alivyoviacha, na wewe umeuziwa kwa bei ya sahani ya chipsi. Usimwonyeshe mtu.

Babu Rajabu: Marahaba wajukuu zangu. Kassim, umesoma neno moja ukayaacha yaliyotangulia. Mwanaidi, lifute vumbi kwa kitambaa kikavu, wala usitie maji, kwa sababu bati lililochubuka rangi hushika kutu upesi. Kisha tuandikie kila kilichochapwa hapo, herufi kwa herufi.

Mwanaidi: Kuna neno Schuco, kuna tarakimu 1010, na kuna maneno U.S. Zone Germany.

Babu Rajabu: Basi jibu limo humo. Mjerumani aliondoka Tanga mwezi Julai 1916, Waingereza walipouteka mji. Hilo “U.S. Zone”, yaani eneo la Marekani, halikuwapo hadi 1945, Ujerumani iliposhindwa vitani ikagawanywa baina ya Wamarekani, Waingereza, Wafaransa na Warusi, na mji wa Nürnberg, ambako kampuni ya vitu vya kuchezea ya Schuco ilianzishwa mwaka 1912, ukaangukia upande wa Wamarekani. Kwa hiyo gari hili lilitoka kiwandani baada ya vita vya pili, na hakuna askari wa Mjerumani aliyelisahau hapa. Mimi nadhani lilikuja na mtoto wa meneja wa shamba la katani, ingawa hiyo ni dhana tu ya mzee asiye na kazi.

Mjomba Kassim: Nimekubali, mzee. Hata hivyo limezaliwa Ujerumani, hilo hukulikanusha.

Shangazi Zena: Mwanaidi, marahaba. Mbona mimi nahesabu magurudumu matano? Hilo dogo lililolala kikingamo nyuma kidogo ya magurudumu ya mbele ni la nini?

Salimu: Labda fundi wa zamani alikosea. Dada, niletee gereji nilipulizie rangi nyekundu ya bajaji, ling’ae kama jipya.

Babu Rajabu: Salimu, weka chini hiyo rangi. Wanaokusanya vitu hivi hutaka rangi ya kiwandani hata ikiwa imechubuka, na ukiipaka upya umelishusha thamani kwa mikono yako.

Mwanaidi: Nimetoka kwa fundi saa wa Ngamiani. Ana mkebe mzima wa funguo za saa za mezani ambazo wenyewe walikwishafariki, na ufunguo wa saba ukaingia. Amenionyesha kwa tochi kwamba kamani, ile springi inayoliendesha, haijakatika, imeganda tu kwa mafuta makavu, akadondosha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye gia kwa ncha ya sindano, kisha tukasubiri. Hakutaka malipo, ila alitaka awe wa kwanza kulitia ufunguo.

Shangazi Zena: Na gurudumu la tano?

Mwanaidi: Shangazi, hilo ndilo lililonifanya nisahau vifungo. Gari likiwa mezani, gurudumu hilo huning’inia bila kugusa kitu, kwa kuwa magurudumu ya mbele yanalinyanyua kidogo. Likifika ukingoni, magurudumu ya mbele yanapita hewani, pua inashuka, na hapo gurudumu la kikingamo linagusa meza likiwa linazunguka, likaivuta pua upande hadi gari lirudi ndani na kuendelea na safari. Fundi ameliachia mara nne juu ya meza yake, kila mara nikikinga mikono, na kila mara limegeuka lenyewe.

Mjomba Kassim: Mbona video uliyotutumia inaonyesha likianguka sakafuni?

Mwanaidi: Hiyo ni ya nyumbani, mjomba, nililiachia juu ya kitambaa cha kufuma cha mama. Gurudumu lilikishika kitambaa badala ya meza, vikaenda chini vyote viwili. Bati limebonyea kidogo kwenye kona, na mama bado hajakiona kitambaa chake.

Mama Mwanaidi: Nimo humu kikundini.

Salimu: Pole, dada. Utaliuza?

Mwanaidi: Siliuzi.

Babu Rajabu: Usiuze. Kesho baada ya swala ya Ijumaa lilete kwangu pamoja na ufunguo. Nitamwambia bibi yako aondoe kitambaa mezani, na Kassim atakaa upande wa ukingo akinge mikono.