Naomba ushauri: mgawo wa alama za makala yenye waandishi wengi

Mhadhiri Mashakani

Wanajukwaa, naomba ushauri wenu kabla ya mwisho wa mwezi. Mimi ni mhadhiri katika chuo ambacho sitakitaja, na nimeomba kupandishwa cheo kuwa mhadhiri mwandamizi. Kamati yetu inataka alama 3 za machapisho. Kila makala iliyotoka katika jarida linalotambuliwa ina alama 1, na alama hiyo hugawanywa sawasawa kwa waandishi wote bila kujali nani aliandika nini. Nina makala moja niliyoiandika peke yangu, mbili za watu wawili wawili, na mbili za watu watatu watatu. Makala ya sita, inayohusu lahaja ya Pemba, imeshakubaliwa na jarida. Ilikuwa ya watu wanne, nami ni mwandishi wa kwanza.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, je, iko njia nyingine ya kugawa alama inayotambuliwa na wataalamu, ambayo ninaweza kuipeleka mbele ya kamati? Pili, je, idadi ya waandishi inaweza kubadilishwa ilhali makala imeshakubaliwa? Nitamshukuru kila atakayejibu maswali yenyewe, maana nimeona nyuzi nyingine zinavyopotea njiani.

Mtakwimu wa Mbagala

Ndugu, njia zipo, na kila moja ina aliyemnufaisha na aliyemliza. Ya kwanza ni hesabu kamili, ambapo kila mwandishi hupewa alama nzima. Ndivyo Google Scholar, huduma ya mtandaoni inayohesabu makala za kitaaluma na marejeleo yake, inavyofanya: makala ikirejelewa mara 100, kila mmoja wa waandishi wake huandikiwa 100. Ubaya wake ulionekana wazi mwaka 2015, ilipotoka makala moja ya fizikia kuhusu uzito wa chembe ya Higgs ikiwa na waandishi 5,154. Kati ya kurasa zake 33, kurasa 24 zilikuwa za majina na taasisi tu. Kwa hesabu kamili, kazi hiyo moja inazaa alama 5,154.

Ya pili ni hiyo ya chuo chenu, ya mafungu sawa. Derek de Solla Price aliipigia debe katika jarida la Science mwaka 1981, na orodha ya vyuo inayotolewa na Chuo Kikuu cha Leiden huko Uholanzi huigawa kazi ya pamoja kwa mafungu. Ya tatu huitwa ya hamoniki: wa kwanza huhesabiwa 1, wa pili nusu, wa tatu theluthi, wa nne robo, kisha vyote hugawanywa kwa jumla yao. Kwa watu wanne mafungu huwa takriban 0.48, 0.24, 0.16 na 0.12. Mwandishi wa kwanza huondoka na karibu nusu ya mkate.

Kasoro ya njia ya tatu ni kudhani kwamba mpangilio wa majina hueleza mchango. Wanahisabati na wachumi wengi hujipanga kwa alfabeti, kwa hiyo Abdalla angetajirika bila jasho na Zuberi angeumia maisha yake yote. Tena, huwezi kuitumia kwa makala moja ukaiacha kwa nyingine. Tuambie ulikuwa wa ngapi katika zile nne za pamoja.

Mama Nukuu

Kabla hamjagawa alama, hakikisheni majina ni ya watu mlionao. Mimi nilianza kuandika kwa jina langu na la baba, na baada ya ndoa mhariri mmoja akaniandika kwa jina la mume bila kuniuliza. Google Scholar ikaniona wanawake wawili. Mnakijua kipimo cha h cha Jorge Hirsch, kile cha mwaka 2005: ukiwa na makala 4 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 4, na huna 5 zilizofika 5, basi h yako ni 4. Yule wa kwanza alikuwa na makala zilizorejelewa mara 9, 5, 4 na 1, kwa hiyo h yake ilikuwa 3. Yule wa pili alikuwa na 6, 4 na 1, na h yake 2. Nilihangaika miezi kadhaa hadi wakaunganishwa, nikidhani nitapata 5. Nikapata 4. Mume wangu aliuliza hiyo moja amechukua nani.

Mhadhiri Mashakani

Nashukuru, Mtakwimu. Katika zile za watu wawili nilikuwa wa kwanza mara moja na wa pili mara moja. Katika zile za watu watatu nilikuwa wa tatu zote mbili. Mama Nukuu, pole, ingawa sikuuliza kuhusu majina.

Mtakwimu wa Mbagala

Basi hamoniki haikufai. Ile ya peke yako ni 1, zile za watu wawili zinatoa 0.67 na 0.33, za watu watatu 0.18 na 0.18, na hii mpya 0.48. Jumla ni 2.84. Kwa mafungu sawa ya chuo chenu unapata 1, kisha nusu mbili, kisha theluthi mbili, kisha robo, ambayo ni takriban 2.92. Usiipeleke hoja hiyo kwenye kamati, watakushukuru na kukushusha.

Swali Moja Tu

Mhadhiri, umeandika kwamba makala "ilikuwa ya watu wanne". Sasa ni ya wangapi?

Paka wa Maktaba

Naomba kuwatetea waandishi waliosahauliwa. Mwaka 1975 mwanafizikia wa Marekani, Jack Hetherington, aliandika makala yote kwa "sisi" ilhali alikuwa peke yake. Mwenzake alimtahadharisha kwamba jarida halitakubali, naye hakutaka kupiga taipu upya, kwa hiyo akamwongeza paka wake kuwa mwandishi mwenza kwa jina la F. D. C. Willard. Jarida la Physical Review Letters likaichapa. Kwa kanuni ya chuo chenu, paka yule angeondoka na nusu alama, na ana haki ya kuomba uhadhiri msaidizi.

Mhadhiri Mashakani

Swali Moja, mwenzetu mmoja hawezi tena kushiriki katika hatua za mwisho, kwa hiyo tunafikiria ibaki ya watu watatu. Kanuni za uandishi zinazotumiwa na majarida mengi zinataka kila mwandishi awe ameidhinisha nakala ya mwisho na awe tayari kuwajibika kwa kazi nzima. Asiyeweza kufanya hivyo hutajwa katika shukrani. Sioni kwamba ni jambo la ajabu.

Swali Moja Tu

Kwa nini hawezi?

Mhadhiri Mashakani

Amesafiri.

Swali Moja Tu

Ndugu yangu, Pemba kwenyewe siku hizi kuna intaneti. Amesafiri wapi ambako barua pepe haifiki?

Mhadhiri Mashakani

Alifariki mwezi wa nne. Sikulisema mapema kwa sababu nilitaka jibu la kitaalamu, si rambirambi, na kwa sababu nilijua uzi utageuka kuwa mahubiri. Aliyekufa hawezi kuidhinisha kitu wala kujibu swali la mhakiki. Hilo si wazo langu, ni kanuni. Nimemtaja katika shukrani kwa maneno mazuri kuliko yote niliyowahi kuandika. Yeye hahitaji alama tena. Mimi ninazihitaji.

Ustadh wa Ngamiani

Innalillahi wa inna ilaihi rajiun. Sihubiri, nafanya hesabu kama wengine. Katika elimu ya mirathi, mrithi akifa baada ya mwenye mali kufa, lakini kabla mali haijagawanywa, fungu lake halirudi kwa ndugu waliobaki ili walinenepeshe la kwao. Fungu lile ni lake, nalo hushuka kwa warithi wake. Huyu bwana alifanya kazi akiwa hai. Kilichochelewa ni ugawaji tu. Mimi si msomi wa majarida, lakini nimeshuhudia nyumba nyingi zikivunjika kwa sababu ya mtu mmoja kusema "yeye hahitaji tena".

Mtakwimu wa Mbagala

Na kanuni umeisoma nusu. Hiyo ni ya wahariri wa majarida ya tiba, waliokutana mara ya kwanza Vancouver mwaka 1978. Ina masharti manne: mchango wa maana, kuandika au kuhariri, kuidhinisha, na kuwajibika. Lakini wahariri wenyewe wameandika kwamba masharti hayo yasitumiwe kumwengua mtu ambaye amechangia kwa kumnyima nafasi ya kutimiza yanayobaki. Wala marehemu kuwa mwandishi si kioja. Paul Erdős, mwanahisabati wa Hungaria aliyeandika makala zipatazo 1,500, alifariki mwaka 1996, na makala zenye jina lake ziliendelea kutoka kwa miaka, kwa sababu wenzake walikuwa wakimalizia walichokianza pamoja. Jarida huweka alama kando ya jina na tanbihi inayosema kwamba mwandishi amefariki.

Paka wa Maktaba

Ila waambie wasimwekee ile alama ya kisu iliyozoeleka, maana inafanana na msalaba, na sidhani kama ukoo wa Pemba utaipokea vizuri. Nyota inatosha.

Mpekuzi

Samahani, nimesoma kimya hadi hapa, na sasa nasema ninachokiona. Uzi huu umetungwa. Tazameni: kwa watu wanne anapata 2.92, anakosa kidogo. Akimtoa marehemu anapata theluthi ya tatu, na jumla inakuwa 3 kamili, si 2.99 wala 3.04. Katika maisha halisi hesabu haiji imepigwa pasi namna hiyo. Tena marehemu ametokea pale pale uzi ulipoanza kupoa. Nadhani mwenzetu ni mwanafunzi anayekusanya majibu yetu kwa ajili ya tasnifu yake ya maadili ya utafiti. Elimu hii inajua kutunga watu: mwaka 2010 Cyril Labbé wa Ufaransa alimbuni msomi aitwaye Ike Antkare, akamtungia makala kwa programu ya kompyuta, zote zikirejeleana, hadi Google Scholar ikampa kipimo cha h cha 94. Huyu wetu ana 3 tu, lakini ukoo ni mmoja.

Mama Nukuu

Nami nilishangaa mtu aliyekwama anavyoandika kwa nukta na mkato namna ile. Kama ni tasnifu, naomba nitajwe kwa jina lililo sahihi.

Mtakwimu wa Mbagala

Mpekuzi, hoja ya hesabu naikataa. Theluthi tatu hutoa 1 siku zote. Mtu mwenye makala za peke yake, za wawili na za watatu atakutana na namba kamili mara nyingi tu. Kilichotungwa hapo ni kanuni ya chuo, inayomfanya mtu amtazame mwenzake na kuona sehemu ya kumi na mbili ya alama.

Mhadhiri Mashakani

Mpekuzi, laiti ningekuwa nimeutunga. Nina saa 46 za sauti kwenye diski iliyo mezani kwangu. Tulirekodi Micheweni na vijiji vya jirani, na anayesikika akiwahoji wazee ni yeye, kwa sababu mimi nilipouliza walinijibu kwa Kiswahili cha redio. Kila ninapofungua faili ili kuhakiki mfano, namsikia akisema, "Haya bibi, lirudie neno hilo taratibu." Maandishi ya saa 31 kati ya hizo ni ya mkono wake. Mimi ndiye niliyeandika nadharia, uchambuzi na Kiingereza cha ikisiri, na hiyo si kazi ndogo. Siwezi kuweka sauti ya marehemu hapa ili nikuridhishe.

Swali Moja Tu

Nakuamini. Lakini sasa wewe ndiye shahidi wake. Mfumo wa CRediT hutaja aina 14 za michango, na kukusanya data ni mojawapo, sawa na uandishi wenyewe. Swali langu la mwisho: unasema "tunafikiria". Je, fomu ya majina imeshakwenda kwa mhariri?

Mhadhiri Mashakani

Ilikwenda wiki mbili zilizopita, ikiwa na majina matatu. Wenzangu wawili walitia saini. Nao pia fungu lao liliongezeka, na hakuna aliyeuliza. Ningenyamaza, lakini Jumapili mjane wake alinipigia simu kuuliza makala inatoka lini, kwa sababu marehemu aliwaambia watoto kwamba jina lake ni la pili. Nilimjibu kwamba bado tuko kwenye masahihisho. Ndiyo maana nilikuja hapa kuuliza kama iko njia ya hesabu inayoniruhusu kumrudisha bila kupoteza cheo, na Mtakwimu amenionyesha kwamba haipo.

Ustadh wa Ngamiani

Kumbe masahihisho yapo kweli.

Mhadhiri Mashakani

Asubuhi hii nimemwandikia mhariri nikiomba jina lirudishwe mahali pa pili, pamoja na tanbihi. Wenzangu nimewanakilia, mmoja amejibu kwamba ningewauliza kwanza, mwingine amenyamaza. Mhariri bado hajajibu. Sijaondoa maombi yangu ya cheo, na sitaki kuulizwa kuhusu hilo leo.

Mama Nukuu

Basi sikia linalonihusu. Kama marehemu alikuwa na makala nyingine, jina liandikwe vilevile, kwa mpangilio uleule wa majina matatu, la sivyo mtamgawa watu wawili kama nilivyogawanywa mimi, naye hayuko wa kulalamika. Namba ya ORCID, ya kumtambulisha mtafiti mmoja mmoja, iliyoanza mwaka 2012 kwa ajili ya matatizo haya haya, mtu hujisajili mwenyewe. Kama hakujisajili, jina ndilo pekee alilobaki nalo.

Mhadhiri Mashakani

Anayo moja, ya mwaka 2014. Nimeifungua sasa hivi. Jina la babu yake limekosewa herufi moja, na ndilo walilolichukua wote waliomrejelea. Niandike lipi?

Mama Nukuu

Mpigie shemeji yako, umuulize mwenyewe alikuwa akitia saini vipi. Na ukiwa kwenye simu, mwambie kuhusu ile fomu.