Kuhama Halle, mchango wa nyumbani, na kura yangu iko wapi

Assalaam alaykum na hamjambo nyote,

Mimi ni yule dada wa Halle huku mashariki ya Ujerumani, wengine mnanijua kutoka ile Idd ya Leipzig. N'na jambo refu kidogo mnivumilie. Mwezi wa nane inshallah namaliza Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi, ya uuguzi, na hosteli ninayokaa ni ya wanafunzi tu, ukishamaliza unapewa muda mfupi utoke. Kazi wamenambia watanipa, wodi ile ile ya wazee, mkataba wa kudumu, hapo alhamdulillahi. Kwa hivo kuhama ni lazima, swali ni wapi, nibaki hapa hapa ama niende Köln aliko khalati.

Nyumba hapa Halle zapatikana na kodi si mbaya ukilinganisha na kwengine. Nimeenda kuangalia moja mtaa wa Neustadt kwenye yale maghorofa ya zamani ya serikali ya Ujerumani Mashariki, ghorofa ya tano, vyumba viwili, dirisha kubwa, nikaipenda papo hapo. Kuingia jikoni sasa, hakuna jiko. Na si jiko tu, hakuna sinki, hakuna kabati, ni mabomba mawili yametokeza ukutani yamezibwa na vifuniko vya plastiki, na juu waya tatu zinaning'inia mahali pa taa. Nikamuuliza mama wa ofisi vitu vimeenda wapi, akanambia aliyehama amehama navyo, ndio kawaida, nawe utaleta vyako. Mimi mshahara wenyewe wa mwanafunzi, na nyumbani wanangoja, hilo jiko ntalitoa wapi? Halafu wanataka dhamana ya miezi mitatu. Naomba mnieleze kwa utaratibu nianzie wapi, maana kila mtu hapa hosteli ananambia lake.

Sasa huko nyumbani Kenya. Mamangu hataki hata kusikia habari ya Halle. Alisikia kwa redio kwamba jimbo hili letu la Saxony-Anhalt chama cha AfD, kile kinachopinga wahamiaji, kilipata zaidi ya asilimia 37 ule uchaguzi wa taifa wa Februari 2025, na kwamba tarehe 6 Septemba 2026 kuna uchaguzi wa jimbo, basi kila akipiga simu ni hilo, mwanangu toka huko nenda kwa khalati yako, angalau ukiumwa utapikiwa uji. Namuelewa. Na siwezi kumdanganya kwamba hakuna kitu. Kuna mzee mmoja wodini huniuliza kila nikimpima presha, utarudi kwenu lini, na hatanii. Lakini kitanda cha pili yake kuna bibi ambaye hali mpaka niwe mimi ndiye ninayemlisha, na msimamizi wangu wa wodi ni Mjerumani wa hapa hapa na ndiye aliyenikalisha chini jioni baada ya shifti akanisomesha yale maneno ya dawa mpaka nikapasi. Nikiondoka ntakuwa namkimbia nani na namwacha nani? Hili ndilo linaloninyima usingizi zaidi ya jiko.

Mdogo wangu wa kiume naye yuko Mombasa anaendesha tuktuk, diploma yake ya umeme iko kabatini. Juni 2024 alitoka kwenye maandamano ya ule mswada wa fedha, na tarehe 25 ile siku vijana walipoingia bungeni Nairobi na wengine wakauawa barabarani mimi nilikuwa kazini simu iko kwa loka, nilipoishika nikakuta jumbe za sauti za mamangu zimepangana, analia tu, hajui mtoto yuko wapi. Alirudi salama. Kesho yake rais akasema hautii sahihi mswada, na tangu hapo babangu na mdogo wangu hawaongei vizuri, mzee anasema serikali ni serikali na kijana anasema bila sisi mngekuwa mnalipa ushuru wa mkate saa hizi. Mimi niko upande wa mdogo wangu na nimemwambia baba hivo kwa heshima. Mamangu akaweka sheria kwa grupu ya familia, hakuna siasa, ni dua na michango na picha za watoto.

Lakini michango yenyewe ndio siasa! Natuma kila mwezi, na nikiangalia zinaenda wapi, ni maji ya bauza, yale ya gari la tangi, kwa sababu mfereji unatoka siku wanazotaka wao, ni dawa za mamangu za presha ambazo kwa kituo cha afya aambiwa hakuna kanunue nje, ni karo ya watoto wa marehemu dadangu. Maji na vituo vya afya ni kazi ya kaunti, iko kwenye katiba. Na mimi ninayelipa hayo yote sina njia hata moja ya kumuuliza gavana. Huku nako nakatwa kodi, nakatwa pensheni, nakatwa bima ya afya, na hiyo Septemba majirani wataamua wanavyotaka na mimi ntakuwa nimesimama dirishani naangalia. Jina langu liko kwa kila fomu ya kulipa, kwa orodha ya kupiga kura haliko hata moja. Wenzangu mnafanyaje na hili? Ama mshazoea?

Dada wa Halle

*

Jibu: kutoka Dortmund

Mwanangu marahaba, maana najua ungeniamkia. Hongera sana kwa masomo. Naanza na nyumba kwa sababu muda ni mdogo.

Dhamana ni kweli yaweza kufika kodi ya miezi mitatu, lakini ile kodi tupu bila hesabu ya joto na maji, zaidi ya hapo sheria hairuhusu. Na una haki kulipa kwa mafungu matatu, la kwanza unapoanza kukaa na mengine miezi inayofuata, usikubali mtu akwambie zote leo. Ulizia pia vyama vya ushirika vya nyumba, Genossenschaft, huko Mashariki viko vingi, unanunua hisa ukawa mwanachama na ukihama unarudishiwa, na mara nyingi hawakuombi dhamana juu yake. Mimi nikiwa Magdeburg niliishi kwa ushirika na sikuwahi kugombana na mtu.

Karatasi ya Schufa, ile rekodi ya madeni yako wanayoitaka wenye nyumba, usiinunue mbio mbio. Iko ile nakala ya taarifa zako ambayo wanalazimika kukupa bure, unaiomba kwa jina hilo hilo Datenkopie, inakuja kwa posta, uone wenyewe wameandika nini juu yako. Kuna wenye nyumba watakaotaka ile ya kulipia, hapo ndipo utoe pesa.

Jiko tafuta la mitumba, ingia Kleinanzeigen, tovuti ya matangazo ya mitumba, uandike Halle na Leipzig, watu wanaohama wanauza bei ya kutupa kwa sababu wao pia hawana pa kulipeleka. Bora zaidi muulize mama wa ofisi kama kuna nyumba ambayo mpangaji bado hajatoka, mkubaliane akuachie jiko lake, taa zake na mapazia umpe kitu. Ukinunua sinki pima ukuta kwanza, na jiko la umeme usiunganishe mwenyewe wala rafiki asiunganishe, ita fundi mwenye leseni, nyumba ikishika moto bima itakuruka.

Ukishapewa funguo una wiki mbili za kujiandikisha anwani, na mwenye nyumba lazima akupe ile barua ya kuthibitisha unakaa kwake, iombe siku ile ile ya funguo. Halafu bandika jina lako kwa sanduku la barua na kwa kengele kabla hata hujaingiza kitanda, tarishi wa hapa haoni jina haachi barua, na barua ya watu wa uhamiaji ikirudi walikotoka utapata tabu usiyoitaka. Lipa posta wakuhamishie barua za anwani ya zamani. Ada ya redio na televisheni ni yuro 18.36 kwa mwezi kwa nyumba nzima, si kwa kichwa, ukija kukaa na mwenzio mmoja tu ndiye alipe. Na hosteli uwape notisi kwa karatasi yenye sahihi yako ya kalamu, si emaili.

Kubwa kuliko yote ni kibali cha kukaa. Kile cha mafunzo kinaisha kazi yake ukipasi, unaomba cha mfanyakazi mwenye ujuzi, peleka maombi mapema kabla cha zamani hakijaisha na ushike uthibitisho kwamba umepeleka. Ukihama mji faili lako linahama ofisi, na mafaili yakihama yanakaa njiani. Wewe umesomea hapa hapa Ujerumani, kwa hivo baada ya miaka miwili ya kazi unaweza kuomba ukaaji wa kudumu, huko kwengine watu wangoja zaidi. Nakupa hilo upime mwenyewe. Köln kodi ni kali mwanangu, kwa pesa hiyo ya vyumba viwili Halle, kule utapata chumba kimoja, na utapanga foleni na watu kwenye ngazi kukiona.

Lakini nami niliishi Mashariki na nikatoka, sitasema mamako anakosea. Mimi nilikuwa na watoto wadogo. Kama jioni unaogopa kushuka tramu, toka, usikae kwa ajili ya kuonyesha watu kitu. Kama huogopi, basi ni uamuzi wako, na mamako atatulia akikuona kwa video uko kwa nyumba yako unapika.

Na ya kupiga kura, hapa kwetu jimbo la NRW, lenye Dortmund na Köln, tarehe 14 Septemba 2025 pamoja na uchaguzi wa manispaa tulichagua baraza la utangamano, Integrationsrat, hata sisi wenye paspoti ya Kenya tulipewa karatasi. Kazi yake ni kushauri baraza la mji, hawapitishi bajeti. Mimi nilienda na kanga yangu nikapiga, na nina mtu wa kumuuliza.

Mama wa Dortmund

*

Jibu: kutoka Berlin

Siste pole na heko. Mama kamaliza ya nyumba, mimi naongeza ya kura tu kwa sababu watu wengi hapa huongea bila kujua iko vipi.

Katiba ya 2010 kifungu cha 82 inasema bunge litunge sheria kuandikisha Wakenya walio nje na haki yao ya kupiga kura itekelezwe hatua kwa hatua. Hizo hatua ndizo zimekuwa za kobe. 2013 ilikuwa nchi jirani tu za Afrika Mashariki, 2017 wakaongeza Afrika Kusini, 2022 ikawa nchi 12 na Ujerumani ikiwemo, na kwa dunia nzima walioandikishwa walikuwa 10,443. Elfu kumi tu! Na sisi ndio tuliotuma nyumbani karibu dola bilioni 4.9 mwaka 2024. Halafu kura yenyewe ni ya rais peke yake, gavana hapana, mbunge hapana, MCA, yaani diwani wa kaunti, hapana. Kwa hivo hilo la maji na dawa ulilosema ni kweli kabisa, mtu anayekuharibia mfereji huwezi kumgusa ukiwa Halle.

Bado nakwambia jiandikishe. Uchaguzi ni 10 Agosti 2027, angalia paspoti yako isije ikaisha kabla, maana kupata mpya ni safari ya ubalozi. Elfu kumi ni hoja yao kubwa, wanasema mbona mnalalamika na hamjitokezi, tukifika laki moja wataongea lugha nyingine. Ukiwa na ile tiketi ya nchi nzima, yuro 63 kwa mwezi, unakuja Berlin na treni za mkoa bila kulipa zaidi, mimi nakupokea stesheni.

Na ya hapa, uraia. Tangu 27 Juni 2024 Ujerumani haikulazimishi kuacha wa kwanza, ni miaka mitano ya ukaaji halali, Kijerumani cha kiwango cha B1 na ule mtihani wa maswali 33 upate 17. Kenya nayo haimnyang'anyi aliyezaliwa raia. Paspoti mbili, kura mbili. Jua tu kwamba ukitaka siku moja uwe afisa wa serikali Kenya, kama gavana mwenyewe, kifungu cha 78 hakiruhusu uraia wa nchi mbili. Mimi nangoja barua yangu ya uraia na nikiipata uchaguzi wa kwanza utakaotokea, hata wa diwani, naenda asubuhi.

Kaka wa Berlin

*

Jibu: Dada wa Halle

Mama shikamoo na kaka asante, Mungu awalipe, nimeyachapisha yote nikabandika mlangoni.

Nimeamua kubaki. Nimeongea na khalati kwanza, ndiye akanisaidia kumwambia mamangu, akamwambia mwache mtoto amalize karatasi zake, miaka miwili si mingi, akichoka njia ya Köln anaijua. Mamangu amekubali kwa sharti, nimpigie nikifika nyumbani kila nikitoka shifti ya usiku. Jioni siogopi kushuka tramu, mama umeuliza vizuri na nimejiuliza kweli. Na huyo mzee wa kitanda cha dirishani aendelee kuniuliza, jibu langu ni kwamba kesho niko zamu ya asubuhi.

Nimejiunga ushirika, wana nyumba Neustadt hiyo hiyo barabara ya pili, mpangaji anatoka mwisho wa Julai na ataniacha jiko, sinki na taa zote kwa yuro 250, nimemwomba aandike kwa karatasi. Nyumbani nimewaambia ukweli, Agosti na Septemba ntatuma ya dawa na karo peke yake, bauza ya maji wachangie wenyewe na mdogo wangu asimamie. Baba aliguna kisha akasema sawa. Na mdogo wangu nimempa kazi nyengine, kila kikao cha wazi cha bajeti ya kaunti kikitangazwa aende aulize dawa za kituo chetu ziko wapi, yeye yuko pale na ana kitambulisho, aulize kwa niaba yangu na arekodi. Ameshasema ndio. Mamangu kasema kama ni hivo basi picha za kikao zaruhusiwa kwa grupu.

Kaka wa Berlin, paspoti yangu inaisha Machi 2027 kwa hivo naanza kuifanya upya sasa, niandikie ubalozi wanataka nini na kama apointimenti zinapatikana. Na kama kuna mdau Leipzig mwenye gari ya kubeba mizigo, nahama Jumamosi tarehe 1 Agosti, n'na kitanda, friji ndogo na maboksi ya vitabu, mafuta ntalipa mimi. Niandikieni kabla ya mwezi wa saba.